Maharagwe ya Mwaka Jana

Chumba namba kumi na nne kilikuwa na vitanda vitatu, jiko dogo la gesi lililofichwa nyuma ya pazia kwa sababu kupika bwenini kulikatazwa, na sufuria moja kubwa iliyofunikwa kwa kifuniko cha sufuria nyingine. Wanafunzi watatu waliokaa humo walikuwa wakila chungu kimoja tangu mwaka wa kwanza. Mkubwa wao, aliyewahi kuuza dukani kabla ya kuingia chuo, walimwita Dada, na yeye ndiye aliyeshika fedha. Wa pili alisomea sheria, basi jina lake likawa Wakili, na alilipenda kuliko alivyokubali. Wa tatu ndiye huyu ninayemsimulia. Wenzake walimwita Punguza, kwa kuwa hilo ndilo neno lililomtoka kinywani mara nyingi kuliko mengine yote, na sidhani kama aliwahi kununua hata kiberiti kwa bei aliyotajiwa.

Kila baada ya wiki mbili walichanga. Dada alitoa, Wakili alitoa. Punguza naye alitoa mihula miwili ya mwanzo, kisha macho ya baba yake yakaanza kufifia. Baba alikuwa fundi viatu, na fundi viatu asiyeiona sindano vizuri hukimbiwa na wateja mmoja mmoja, bila kuagwa. Kilichotoka nyumbani kikawa cha ada tu, nacho kikija kwa kuungaunga. Punguza alipowaambia wenzake kwamba anajitoa kwenye chungu, Dada alimwambia aache upuuzi. Punguza atatoa miguu na mdomo: atakwenda sokoni kila Jumamosi, atabishana na wauzaji kwa niaba yao wote, na atakachookoa ndicho kitakachohesabiwa kuwa mchango wake. Likaisha hapo, wala halikuzungumzwa tena.

Halikuzungumzwa, lakini Punguza hakulisahau hata siku moja. Jumamosi aliyofanikiwa sokoni alikula kwa raha na kutaniana na wenzake. Jumamosi bei zilipomshinda alijipakulia vijiko vitatu na kusema tumbo lake halijatulia. Dada alidhani ana vidonda vya tumbo, akawa anamshauri aende zahanati.

Na sokoni alikuwa fundi kweli, nisimpunje. Alikwenda saa kumi jioni, wauzaji walipoanza kukunja maturubai na hakuna aliyetaka kurudi na mzigo nyumbani. Nyanya zilizobonyea alizichukua kwa fungu, akifika chumbani anakata palipoharibika. Kabichi alilivua majani ya nje kabla halijapandishwa kwenye mizani, muuzaji akipiga kelele naye akitabasamu. Kwenye maharagwe alikuwa na kipimo chake: aliweka punje moja katikati ya meno ya mbele na kuing'ata. Punje mpya hubaki na alama ya jino. Iliyokaa ghalani mwaka mzima huteleza kama kokoto, na hiyo hata uichemshe namna gani haiivi.

Jumamosi hii ninayoisema ilikuwa ya mwisho kabla ya mitihani. Idara ilitaka ripoti za utafiti Jumatatu kabla ya saa sita mchana, nakala mbili, zimechapishwa na kujalidiwa kwa jalada gumu. Asiyewasilisha haingii chumba cha mtihani, maana yake arudie mwaka, na mwaka wa kurudia haukuwamo kabisa kwenye uwezo wa fundi viatu asiyeona. Punguza alikuwa ameimaliza ripoti yake, ameiandika yote kwenye kompyuta ya Wakili. Fedha ya kuichapisha ndiyo hakuwa nayo. Alimpigia baba, na baba akamwambia, "Nisubiri mpaka mwisho wa mwezi, mama." Aliisema taratibu sana. Punguza akajibu kuwa hakuna haraka.

Kwa nini hakuwaambia wenzake? Hata mimi naliuliza hilo. Sentensi alikuwa nayo, ameifanyia mazoezi bafuni siku tatu. Ijumaa jioni Dada akiwa kitandani anahesabu noti za mchango, Punguza alifungua mdomo aiseme, ila Dada akamtangulia kwa kusema kwamba wangekuwa wameshakufa njaa kitambo kama si Punguza. Mdomo ukafungwa. Mtu anayesifiwa hivyo anawezaje kuongeza deni juu ya chakula anachokula bure?

Basi akaenda sokoni. Mama wa nafaka alikuwa na magunia mawili ya maharagwe, na lile la nyuma bei yake ilikuwa nusu. Punguza alichukua punje, akaing'ata. Jino likateleza. Mama mwenyewe, ambaye hakuwa na tabia ya kumficha mteja, alimwambia wazi kwamba hayo ni ya mwaka jana, na kwamba huwauzia zaidi wafuga kuku. Punguza alijibu kuwa anajua. Aliagiza kilo kumi, chakula cha kipindi chote cha mitihani, huku akijiambia kwamba yataloweshwa, yatatiwa magadi, na moto utamaliza kazi. Nusu ya bei iliyobaki aliipeleka moja kwa moja duka la fotokopi kabla halijafungwa. Dada alipouliza bei, alimtajia ya gunia la mbele.

Maharagwe ya sufuria moja yalilala kwenye maji usiku kucha, yakapandishwa jikoni Jumapili mchana. Baada ya saa tatu maganda yalikuwa yameambuka na kuelea, ila ndani yalikuwa magumu vilevile. Wakaongeza magadi mpaka mchuzi ukanuka sabuni. Jioni moto ulianza kupepesa, ukawa mdogo, ukazima. Mtungi uliotegemewa kuwafikisha mwisho wa mitihani ulikuwa umekwisha kwa sufuria moja isiyolika. Walikula mkate mkavu. Dada alijaribu kulifanya utani, akasema angalau sasa wana mawe ya kuzuia mlango. Punguza alicheka naye.

Wakili hakucheka. Alisema huyo mama amemwibia mwenzao, na kwamba jambo hili haliachwi hivi hivi.

Jumatatu asubuhi Punguza aliwasilisha ripoti, akapigiwa muhuri kwenye nakala yake. Kwa muda wa kutoka idarani mpaka bwenini alikuwa mtu mwenye furaha. Mlangoni alimkuta Wakili amekaa juu ya mfuko wa maharagwe, anamngoja waende sokoni. Punguza alijitetea kwa kila njia: kichwa kinauma, soko ni mbali, yule mama ni mtu mzima, tumwache.

"Ndiyo maana wanakuonea," Wakili alisema. "Kwenye bei una mdomo, kwenye haki yako huna. Leo nitakusemea mimi."

Ungemwona Wakili siku hiyo ungempenda. Alisimama mbele ya mizani, akamwamkia mama wa nafaka kwa heshima zote, kisha akaeleza hatua kwa hatua jinsi mwenzake, mtoto wa mtu asiye na kitu, alivyouziwa bidhaa mbovu kwa bei ya nzuri. Hakupandisha sauti hata kidogo. Punguza alikuwa amesimama nyuma yake akiangalia chini, anaombea lolote litokee, hata mvua.

Mama wa nafaka alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamtazama Punguza, bila hasira, kama mtu asiyeelewa.

"Mwanangu, si nilikuambia ni ya mwaka jana? Si ndiyo maana ulilipa nusu?"

Wakili aliuliza, "Nusu?"

Alimgeukia Punguza, na Punguza akaona kabisa usoni mwake hesabu ikipigwa na kupata jibu. Mama naye aliliona, akajua ameharibu. Haraka haraka akaanza kusema labda amechanganya wateja, siku hizi kumbukumbu zinampotea, wayaache maharagwe hapo atawarudishia fedha. Alikuwa anamfunika mtoto wa mwenzake kwa kanga iliyotoboka, na wote watatu walijua hivyo. Wakili alimshukuru, akakataa fedha, akazinyanyua zile kilo tisa na ushei zilizobaki peke yake. Njia nzima hakumruhusu Punguza ashike hata upande mmoja wa mfuko.

Chumbani Wakili alieleza kwa maneno machache, akapanda kitandani na kugeukia ukutani. Dada aliuliza swali moja tu: fedha ilikwenda wapi? Punguza akatoa ile nakala yenye muhuri chini ya mto na kumpa. Dada alilipapasa jalada, akafungua kurasa za mwanzo, akafika kwenye ukurasa wa shukrani. Humo, baada ya baba na msimamizi, iliandikwa: na wenzangu wa chumba namba kumi na nne, walionilisha. Dada aliusoma mstari huo kwa muda mrefu kuliko urefu wake.

"Ungesema tu," alisema. "Tungekupa."

Punguza alijua. Alikuwa amelijua hilo tangu Ijumaa, na ndilo hasa lililomfunga mdomo, lakini kulisema sasa kungekuwa kama kuwalaumu kwa wema wao.

Dada alinunua gesi kwa fedha yake, na hakuna aliyegomba. Jumamosi iliyofuata ilipofika saa kumi, Punguza alinyoosha mkono kuchukua kikapu akakuta Dada ameshakishika. Alimwambia abaki asome, mitihani imeshaanza, sokoni watakwenda wao. Alirudi na Wakili baada ya nusu saa tu, na nyanya kubwa zinazong'aa, na maharagwe mapya, na kabichi lenye majani yake yote. Walipika. Sahani ya Punguza ilijazwa kama zao, labda na zaidi kidogo.

Aliuliza wamenunua kwa bei gani.

"Kula tu," Dada alisema, kwa upole.

Akala. Kilikuwa chakula kizuri, na alikimaliza chote, kwa sababu hakuwa tena na haki ya kukibakisha.