Msitu wa Mirihi Haukufa

Siku yangu ya kwanza katika idara ya misitu, askari wa lango alinielekeza chumba cha wapiga chapa, walikokuwa wanawake wote wa idara. Nilimwambia nimekuja kusimamia miti. Alinitazama viatu, kisha akaniachia nipite. Msimamizi wangu wa kwanza hakunipa kiti. Alinipa panga na chupa ya maji, tukaingia porini. Kazi alinifunza tukitembea: kukata njia ya moto, yaani ukanda usio na majani ambao moto ukiufikia hukosa cha kula, kupunguza miti iliyosongamana, kukwaruza gome kwa ukucha uone kama ndani kuna ubichi.

Baada ya vituo kadhaa nikapelekwa Kisauni, kwenye kipande cha msitu wa mirihi upande wa Mwakirunge. Mrihi ni mti wa kwetu, majani yake machanga huanza mekundu. Kiangazi kimoja mtu aliyekuwa akichoma shamba lake alizidiwa na upepo, moto ukaingia. Tuliupiga kwa matawi mabichi hadi mikono ikababuka, lakini karibu msitu wote uliteketea. Nililia, na sioni haya kusema.

Majivu hayajapoa, mwenye timbo la mawe pale jirani akaanza kunena kwamba ardhi ile sasa haina kazi. Mkuu wetu wa kanda akaja kuniagiza visiki ving'olewe. Nilimpeleka kwenye kisiki kimoja nikachimba. Mzizi ulikuwa mbichi, na juu yake vijitumba vimeanza kutokeza. Hayo ndiyo machipukizi ya mzizi: mti ukiungua juu, mzizi huamka ukazaa watoto wengi, nao hukua upesi kuliko mche wa kupandwa, kwa kuwa wananyonya kwenye mzizi wa mama yao. Mkuu hakushangaa. Alikuwa ameyasomea hayo kabla yangu.

"Kadzo, najua msitu uko hai," aliniambia kwa sauti ya chini. "Lakini wanaoutaka ni wakubwa kuliko mimi na wewe."

"Basi uwaambie wewe kwamba msitu umekufa, mkuu. Mimi sisemi."

Adui wa chipukizi ni mbuzi. Nilizunguka nyumba kwa nyumba kuwaomba akina mama wawafunge mbuzi wao, wakaniuliza watawalisha nini. Lilikuwa swali la haki. Tukakubaliana wakate majani yanayoota kwenye njia za moto wawapelekee nyumbani. Mvua zikanyesha, machipukizi yakatufika magotini, mengi hata huoni pa kukanyaga.

Tingatinga lilikuja asubuhi. Nilisimama mbele yake na sare yangu, na akina mama wakafika mmoja mmoja, wengine na watoto mgongoni. Dereva, mtu wa bara, alizima injini akashuka, akayatazama yale majani mekundu. Alisema aliajiriwa kung'oa visiki vilivyokufa, na hapo haoni hata kimoja. Akageuza tingatinga lake akaenda zake.

Niliadhibiwa. Nilihamishiwa Changamwe kutunza miche kando ya barabara ya malori ya Kipevu, nikala vumbi na moshi hadi nilipostaafu. Timbo lilimega upande mmoja wa msitu, sitawadanganya. Uliobaki leo ni miti ya kuinua shingo, kwa sababu wale akina mama hawakuwafungulia mbuzi.

Ninyi mnaoingia kazini sasa, mtaambiwa msitu umekufa, na atakayewaambia ni yule yule anayeitaka ardhi. Chimbeni kwanza mjionee.

Mimi nimejenga karibu na msitu ule. Mwezi uliopita niliwakuta watu wamekuja tena na kamba za kupimia. Nikawaambia wazikunje. Mmoja wao akaniamkia vizuri, akaniuliza natoka ofisi gani.

"Sina ofisi, mwanangu," nikamjibu. "Safari hii hakuna wa kunihamisha."