Obokano ya Ogari Yahifadhiwa

Ifahamike kwa wananchi wote, wenye viatu na wasio navyo, kwamba Serikali tukufu, kwa mapenzi yake yasiyopimika kwa mila za mababu, imeazimia kuuokoa utamaduni wa Abagusii usije ukapotea. Na kwa kuwa utamaduni huo ulikutwa umetundikwa ukutani kwa Ogari, kule juu ya soko la Nyamache, basi umeokolewa kutoka kwa Ogari.

Utamaduni wenyewe ulikuwa obokano, zeze kubwa la nyuzi nane, tumbo lake la ngozi ya ng'ombe, sauti yake nzito kama fahali anayenung'unika zizini. Ogari aliichonga mwenyewe kabla ya uhuru, akaipiga kwenye arusi na pombe za watu kuanzia Kenyenya hadi Birongo. Obokano hiyo ndiyo iliyompatia Kemuma, binti wa mzee wa kanisa la Kisabato, mwanakwaya aliyeambiwa tangu utotoni kwamba ndani ya ile ngozi anaishi shetani. Kemuma alikwenda kuchungulia kama ni kweli. Hakurudi kwao.

"Shetani nilimkosa," alizoea kusema, "nikampata huyu."

Basi mwaka wa sabini na tatu Landrova ikapanda kilima ikiguna, ikamshusha Andrew, kijana wa tai kutoka Kamati ya Urithi na Wageni, mjini Kisii. Akaeleza kwamba watalii wanakuja. Simba wameshawatazama wakawachoka, sasa wanataka kutazama watu.

"Hii tutaihifadhi, mzee," alisema, ameipakata obokano kama mtoto mchanga.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Kiswahili cha Ogari kilikuwa cha sokoni na cha kanisani alikoburutwa na mkewe, na neno hilo alilijua la kanisani tu. Mtu akisafiri, mchungaji humwombea Mungu amhifadhi njiani, aende salama, arudi salama. Kwa Ogari, kuhifadhiwa ni kwenda na kurudi. Akaipungia Landrova mkono.

Mvua zikaja zikaisha. Kemuma akaanza kukonda. Zahanati ikampa vidonge, hospitali ikampa kitanda, kisha ikamrudisha nyumbani, na kila mtu anajua maana ya hospitali kukurudisha nyumbani. Akawa analala ameukabili ukuta, pale uliposalia msumari.

"Baba Nyanchama, ile kitu haijarudi tu?"

"Iko njiani."

"Nataka ule wimbo wa siku nilipokuja kuchungulia. Mara moja tu. Wazee wa kanisa wakiniuliza, nitasema nilikuwa usingizini."

Ogari akashuka Kisii. Aliikuta obokano ndani ya kabati la kioo, imevishwa kibao shingoni kama mshtakiwa. Andrew, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimwagizia chai.

"Nimekuja kuichukua, mwanangu. Imetembea ya kutosha."

"Kuichukua? Mzee, hii imehifadhiwa."

"Ndiyo. Sasa irudi."

"Kitu kikishahifadhiwa hakirudi. Hii ni mali ya taifa."

"Na mimi si taifa?"

Andrew akakuna kichwa. Swali hilo halikufundishwa kwenye semina. "Lazima kibali kitoke Nairobi," akasema. "Lakini ukitaka kuiangalia, mzee, wewe hatukutozi kiingilio."

"Mke wangu anakufa. Anataka kuisikia."

Kijana akashusha macho. "Nitaomba leo leo," akasema, na kusema kweli, aliomba.

Ogari akarudi mikono mitupu. Akaketi kando ya kitanda, akakunja magoti kana kwamba ameiegemeza obokano, akaanza kuipiga kwa mdomo, vidole vikicheza hewani: mmm-ndu, mmm-ndu. Kemuma akasikiliza kwa makini.

"Hiyo si obokano," akasema. "Huyo ni mbuzi aliyeshiba."

Wakacheka mpaka kikohozi kikamkamata. Kilipomwachia, akasema, "Haya, endelea, mbuzi wangu." Ogari akaendelea. Akaendelea hata Nyanchama, binti yao, alipoingia na kumshika bega. "Tata, acha sasa. Ameenda."

Kanisa likamzika Kemuma kwa nyimbo za sauti nne, safi kabisa, bila shetani hata mmoja. Na kibali kikatoka. Serikali haikuchelewa; Kemuma ndiye aliyewahi.

Andrew alikileta mwenyewe, pamoja na obokano, uso umejaa furaha ya kweli. Walikuwa wameipaka vanishi, mti na ngozi, isiliwe na wadudu. Iling'aa kama jeneza la tajiri. Ogari akagusa uzi mzito. Ukatoa tap, kama mtu anayegonga meza.

"Si imependeza?" Andrew akasema. "Sasa sikiza, mzee. Ijumaa tuna wageni kutoka ng'ambo, basi zima! Kamati imekuchagua wewe uwapigie. Utavaa ngozi, utapandishwa jukwaani, jina lako litasomwa kwa kipaza sauti: Ogari, Hazina Hai ya Taifa! Hebu niambie, mzee, unajisikiaje?"

Ogari akaitazama obokano. Kisha akaitazama migomba nyuma ya nyumba, ambako udongo wa kaburi ulikuwa bado haujashuka.

"Ijumaa tunapeleka majani ya chai kiwandani," akasema.