Mihogo Mibichi kwenye Ubao wa Krismasi

Niliacha shule darasa la sita, mwaka ambao mama alimfuata baba kaburini, nikashuka Masasi kutoka Newala pamoja na wadogo zangu watatu. Nilipata kazi ya kupika kwa mwalimu mmoja Mwingereza, mama mtu mzima, aliyetupa chumba cha uani. Shangazi alikuwa ameshasema: nikishindwa, watoto watagawanywa kwa ndugu, huyu huku, yule kule. Kwa hiyo katika nyumba ile niliogopa kuvunja hata kikombe.

Ilikuwa miaka ile maduka yalipoanza kujaa tena baada ya uhaba. Krismasi ilipokaribia, mama yule alipata jibini ya kopo na biskuti za chumvi kwenye duka la karibu na stendi, akaniambia safari hii hatutapika pilau. Angewaalika walimu wenzake, nasi tungepanga ubao. Kwao, alisema, vyakula vya baridi hupangwa juu ya ubao mpana mpaka vikagusana, na wageni huokota huku wakizungumza.

"Kama mbuzi malishoni," akasema, akacheka.

Nilijiuliza ni mgeni gani atakayevaa nguo ya sikukuu aje kula kama mbuzi. Lakini niliusugua ubao, tukapanga jibini, mayai ya kuchemsha, korosho za kukaanga, maembe na matango. Katikati pakabaki pengo. Alitaka karoti mbichi, na sokoni hazikuwepo.

"Basi kitu kingine kibichi," alisema, "kinacholia mdomoni."

Nikataja muhogo. Kwetu muhogo mtamu hutafunwa mbichi pamoja na korosho. Akapenda. Nikamtuma sokoni mdogo wangu anayenifuata, akarudi na mihogo. Niliimenya, nikaonja mmoja, mtamu, nikaikata yote vijiti na kuvijaza kwenye pengo.

Wageni walikuwa wameshaingia nilipomwomba mdogo wangu chenji.

"Chenji ya nini, dada? Sikununua. Kondakta wa basi la Newala kanipa kiroba stendi, kasema shangazi kakutumia. Mihogo ya shamba la mama."

Shamba la mama lilikuwa na mihogo mitamu katikati na michungu pembeni, ya kuwazuia nguruwe wa porini. Mchungu tuliuanika mpaka ukakauka kabisa, tukautwanga, ndipo tukaula. Ukiliwa mbichi unaua. Ndiyo maana kwetu mtu huonja ncha ya kila muhogo kabla ya kuutafuna. Mimi nilionja mmoja tu, kwa sababu niliamini ni ya sokoni, na hakuna muuzaji anayeuza mchungu wa kutafuna. Sasa vilikuwa vijiti vyeupe, vyote sura moja.

Nilipofika sebuleni, yule mama Mwingereza alikuwa anawaambia wageni kwamba muhogo ni wazo langu. Mwalimu mzee wa hesabu, mtu wa upande wa Chidya, alikuwa anatafuna.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba usimeze."

"Marahaba. Binti, hata cha mdomoni unanipokonya?"

"Mihogo hii imetoka shambani kwetu Newala. Sikuionja yote."

Walimu wengine wakarudisha vijiti vyao ubaoni. Wao walikuwa watu wa huku, muhogo mchungu wanaujua. Yule mama peke yake hakuelewa, akawa anatutazama mmoja mmoja. Mzee alitema kwenye leso, akaikunja.

"Huu siujui," alisema. "Ila kuna wenzake waliokwisha kutangulia tumboni."

Nilibeba vijiti vyote mpaka jikoni, nikawa nakigusisha kila kimoja kwenye ulimi na kutema. Vingi vilikuwa vitamu. Kisha kimoja kikaniuma ulimi kwa uchungu, na cha pembeni yake pia.

Sebuleni mzee alikataa kupelekwa hospitali. Alikaa kitini, wenzake wakimchungulia machoni kana kwamba wanatafuta kibanzi.

"Acheni kunitazama," nilimsikia akisema. "Nikifa, ni hii jibini yenu."

Yule mama alinifuata jikoni, uso umemwiva. "Kwa nini hukuniambia kuna mihogo inayoua?"

Kwetu hata mtoto anayetambaa huambiwa hilo.

"Tutazungumza kesho," akasema.

Kulipokucha nilikwenda kwa yule mzee kabla ya kuwasha jiko. Nikapiga hodi. Nikapiga tena, nikiwaza nitawaambia nini wadogo zangu. Mlango ukafunguka, alikuwa na mswaki mdomoni.

"Umekuja kutazama maiti?"

"Nimekuja kukuamkia, mwalimu."

"Basi niamkie."

"Shikamoo."

"Marahaba. Tumbo lilisokota kidogo, likaacha. Yule mama amekufukuza?"

"Amesema tutazungumza leo."

Akatema mate ya mswaki uani, akatafuta viatu vyake. "Twende wote. Akiniona natembea, maneno yatapungua."

Akatangulia. Njia nzima nilikuwa nyuma yake, nikiitazama miguu yake isije ikayumba.