Mfuko wa Mchele Wenye Kofia

Mama muuza mbeleko hakuuzii kitu kabla hajakufunga mwenyewe, na kwanza hukufunga mfuko wa mchele aliouvisha kofia ya mtoto. Huvuta fundo, hupenyeza kidole, huguna. Leo kaingia baba kijana na kichanga chake, amekakamaa kama aliyebeba trei ya mayai.

“Legeza mabega, baba. Hang'ati huyo.”

Mchele ukatolewa, mtoto akawekwa kifuani. Kijana akauliza atajuaje kama amemfunga sawasawa.

“Inamisha kichwa. Midomo ikifika utosini, yuko sawa.”

Kijana akainama, akambusu, akasahau kuinuka. Mama akageuka kukunja vitambaa, mfuko wa mchele begani, mkono wake mmoja ukiupigapiga taratibu, kama anayeubembeleza ulale.