Kitabu Nilichokitaja Mbarara

Enzi zetu kambini Nakivale, kambi ya wakimbizi kule Uganda, sisi watoto tuliotoka Kivu na Kifaransa cha kuokoteza, riwaya ya Kiingereza tuliiogopa kuliko nyoka. Shuleni zilikuwepo mbili tu. Moja ilijulikana dunia nzima, mwalimu alituambia hivyo, na kwa umaarufu wake ilifungiwa kabatini tusije tukaichafua. Ya pili hakuna aliyewahi kuisikia, kwa hiyo tuliachiwa.

Mimi na rafiki yangu Riziki tuliisoma hiyo ya pili kwenye foleni ya maji, tumekalia madumu, vichwa vimegusana, karatasi zinanuka moshi wa kuni. Neno gumu tulilibahatisha. Tuliililia mara mbili, tukachelewesha maji, mama zetu wakatuchapa. Vijana wa leo wanatazama filamu ya riwaya maarufu kwenye simu huku wanatafuna chipsi, na katikati wanasinzia!

Kisha ikaja nafasi moja tu ya kusomeshwa sekondari Mbarara. Tuliitwa wote wawili kuhojiwa. Asubuhi ile baba alinishika bega, akasema kwa Kiswahili chetu cha Kivu:

"Bakikuuliza umesoma kitabu gani, taja ile yenye batu yote banajua. Ile yenu itakuharibia."

Niliogopa njia nzima. Ofisi ilinuka dawa ya sakafu, watu watatu wamekaa nyuma ya meza. Swali likaja. Nikaitaja ile ya kabatini, ambayo sikuwahi hata kuifungua. Nikangoja waniulize inaishaje. Hawakuuliza. Walitabasamu, wakaandika.

Riziki aliingia baada yangu, akatoka amenywea.

"Nimebaambia ile yetu," alisema. "Bakaangaliana. Bakasema habaijui."

Nafasi nikapata mimi. Miaka yote ya Mbarara, kila nilipoitwa ofisini, moyo ulinipasuka: wamegundua. Ndiyo maana riwaya ile maarufu niliisoma mwishowe, kwa woga tu. Ni nzuri, sikatai, lakini haiifikii yetu hata kidogo.

Siku hizi mtoto akiulizwa kitabu, simu inamjibia, wala hatoki jasho. Mimi bado natoka jasho. Riziki analima mahindi kulekule Nakivale, na kila nikienda kumsalimia namwogopa kuliko nilivyowaogopa wale watatu. Ananikaribisha kwa furaha, ananipa kiti kizuri. Anaamini hadi leo kwamba wote wawili tulitaja kitabu kilekile chetu, ila mimi nilikuwa na bahati.