Posho ya sare niliivaa harusini, aibu akaibeba Bi Mize

Assalaam alaykum wakuu.

Mimi humu ni msomaji wa kimya, napita kwenye nyuzi zenu, nacheka, naondoka. Leo naandika la kwangu na halichekeshi. Majina nimebadili na kituo sikitaji, lakini mengine yote ni kama yalivyotokea. Sijajipunguzia kosa.

Mimi ni nesi, mwajiriwa wa serikali huku Pemba. Kituo chetu kipo upande wa Wingwi, kule ambako mvua ikinyesha gari ya dawa inakwama, tunakwenda kuyabeba maboksi kichwani.

Sisi waajiriwa tunapewa posho ya sare. Unanunua kitambaa, unampelekea fundi, unavaa. Wanaojitolea hawapewi.

Mtu kama Bi Mize hapewi. Huyu ni mjane wa miaka arobaini na kidogo, anajitolea pale tangu mimi sijafika. Anapiga deki, anachemsha vifaa, anawashika mkono wazazi uchungu ukiwazidi. Watoto anawalea kwa kuuza mihogo. Sare yake alijishonea mwenyewe kwa mkono, nyeupe, kola imekaa vizuri kuliko za mafundi. Anayo moja tu, kwa hiyo anaifua kila siku.

Sasa posho yangu iliingia wakati mtoto wa mama mdogo anaolewa Gando.

Mnazijua harusi zetu. Group la WhatsApp limeshafunguliwa, picha ya kitambaa cha lesi imeshatumwa, kila mwanamke wa ukoo avae sare. Ukivaa tofauti utaulizwa mpaka na watu wasiokujua.

Nikajiambia, si yote ni sare? Posho ikaenda kwenye lesi. Na nilipendeza, siwezi kusema uongo.

Kazini nikaendelea na gauni langu la zamani, limeshakuwa rangi ya maji ya mchele na kwapani limechanika. Naficha kwa baibui, siku zinakwenda.

Wiki moja mkuu wa kituo akatuita. Akasema Alhamisi wanakuja wageni kutoka wilayani, kila aliyepewa posho wamkute na sare mpya. Akasema na jambo la pili: kuna nafasi moja ya ajira ya mhudumu, wageni watawaangalia wanaojitolea wapendekeze jina.

Wakuu, yote mawili niliyasikia. Sikuwa nimesinzia.

Alhamisi asubuhi nilimvuta Bi Mize stoo.

"Bi Mize, niazime gauni lako. Wakinikuta hivi nimekwisha."

"Na mie nivae nini?"

"Wewe watakuelewa. Wewe hukupewa posho."

Akaingia nyuma ya pazia, akatoka amejifunga kanga, nyingine amejitanda, gauni amelikunja vizuri mkononi.

"Chukua. Kifungo cha juu kimelegea, usikivute."

Wageni wakaja watatu. Mmoja mama mtu mzima, ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Akanishika mkono wa gauni, akaugeuza kuangalia mshono.

"Hii ndiyo sare. Kashona nani?"

"Fundi wa Konde," nikamjibu.

Bi Mize alikuwa hatua mbili kutoka pale, ameshika ndoo. Yule mama akamgeukia.

"Na huyu? Unahudumia wazazi na kanga? Umeona hapa jikoni kwako?"

"Samahani, mheshimiwa," Bi Mize akasema. Akanitazama mara moja, kisha akatazama chini.

Nafasi ya kusema ilikuwepo. Sentensi moja tu ingetosha. Mimi nikaanza kupanga mafaili ambayo yalikuwa yameshapangwa.

Ajira ikaenda kwa mtu wa kituo kingine. Tulipouliza, tukaambiwa wa kwetu hajali unadhifu.

Gauni nililifua, nikalipiga pasi, nikamrudishia pamoja na mfuko wa mchele. Akapokea gauni, mchele akanirudishia.

"Nguo nilikuazima, nesi. Sikukuuzia."

Basi, hakuniambia kingine. Asubuhi ananisalimia kama kawaida, ananiuliza hali ya mama. Hilo ndilo lililonivunja. Angenitukana ningepumua.

Nikamweleza mkuu wa kituo, kisha nikaenda wilayani mwenyewe, nikakaa mbele ya yule mama nikasema kila kitu, mpaka ile lesi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Barua ya ajira imeshatoka," akasema. "Siku ile ungepata aibu ya dakika tano, yakaisha."

Nikapewa barua ya onyo. Jina la Bi Mize wakaliandika kwa nafasi itakayofuata. Mpaka naandika hapa, haijatokea.

Kutoka kule nikapitiliza kwake. Nilimkuta uani anamenya mihogo.

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Kwa gauni?"

"Kwa kunyamaza."

Akamaliza muhogo aliokuwa nao mkononi ndipo akasema.

"Mie nilijua utasema. Nikasimama nangoja. Hata walipokuwa wanapanda gari, nilikuwa bado nangoja."

Nikachukua kisu cha pili nikamenya naye mpaka ikaadhiniwa adhuhuri. Alisema amenisamehe na ninamwamini, si mtu wa maneno mawili.

Nilichojifunza ni kwamba ile aibu niliyoikwepa haikupotea. Ilikwenda kumwangukia mtu ambaye hakuwa na kosa, na nilikuwepo naiangalia inavyomwangukia. Posho ukiila utaambiwa ununue sare nyingine. Ile ajira yake mimi sina pa kuinunua.

Wenye kunisema nisemeni, nitasoma yote. Lakini zaidi nawauliza mliowahi kumnyamazia mwenzenu hivi: mliishi naye vipi baadaye? Maana kesho asubuhi mimi na Bi Mize tuna zamu moja.