Boti Lililokunywa Ziwa

Harufu ya gundi ya faiba bado hunikosesha utulivu. Ni harufu kali, hupanda puani ikabaki kooni, na mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi ilichanganyika na harufu ya sambaza, dagaa wa ziwa letu, walioanikwa kwa jirani na ya pasi ya mkaa ya baba, hata nguo za wateja zikawa zinatoka dukani zikinuka karakana. Baba alikuwa fundi cherehani hapa Gisenyi, mwana wa fundi cherehani, mjukuu wa mchuuzi wa vitambaa, na katika ukoo mzima hakuna aliyewahi kumiliki kitu kinachoelea. Lakini miguu yake haikujua kutulia. Hata alipokuwa amekaa tu akinywa chai, ilikuwa ikikanyaga hewa chini ya meza kana kwamba cherehani ingali inakwenda. Mimi nimeirithi miguu hiyo. Mama alizoea kusema kwamba akituona sote wawili tumeketi pamoja, yeye ndiye anayechoka.

Boti lenyewe lilikuwa la mfanyabiashara mmoja aliyehamia Kigali akaliacha ufukweni mpaka majani yakalifunika. Lilikuwa boti la zamani la kuvulia samaki, la faiba, tofauti kabisa na mitumbwi ya mbao ya ziwa letu. Mbele ya kioo cha dereva, mahali ambapo maboti mengine hufunikwa, hili lilikuwa wazi na lina viti viwili, abiria akae huko akipigwa na upepo usoni. Baba alimshonea yule bwana mapazia ya nyumba nzima, na boti likawa ndio ujira wake. Vijana wanane walilileta uani kwetu mabegani. Mama, aliyekuwa ametoka kuuza vitenge Goma na bado ana vumbi la mpakani, Petite Barrière, miguuni, alilizunguka mara moja, polepole.

"Papa Zuhura," akasema, "iyi ni kitu ya kwenda, ao ni ya kufugia kuku?"

Baba alinionyesha kiti cha mbele, cha kushoto. "Ile ni ya Zuhura. Siku tutaingia mu mayi, ni yeye atakaa pale." Tangu siku hiyo mwili wangu ulikwenda shule lakini mimi nilikuwa kwenye kile kiti.

Mama hakugombana. Aliweka sharti, na kwetu sharti la mama lilikuwa zito kuliko hati ya serikali. Boti likiwa tayari, yeye angepanda siku moja. Akirudi mkavu, baba aende ziwani atakavyo, aache hata kushona. Akirudi amelowa, baba arudi kwenye cherehani na asilitaje boti tena maisha yake. Baba alikubali kwa haraka ya mtu asiyeona mbali.

Tulipong'oa sakafu tukakuta chini yake povu gumu la manjano, limeoza na kumegeka kama ugali wa jana. Papa Furaha, mvuvi aliyeishi ukuta wa pili, alisema povu hilo ndilo hulizuia boti kuzama hata likiingia maji, na akamshauri baba awaulize mafundi wa bandarini aina yake. Kuuliza si ujinga, lakini kwa fundi aliyezoea kuulizwa yeye, ni kazi ngumu. Baba alikuwa amejaza makochi na magodoro ya nusu ya mji huu. "Sponji ni sponji," akasema. Akanunua sponji ya magodoro, akaikata kwa vipimo vyake vya kishonaji, akaishindilia chini ya sakafu mpaka hapakubaki nafasi ya kupitisha kidole. Ilipopungua pembeni akachukua godoro langu. Nililala juu ya mkeka nikijiona mfadhili.

Hapa ndipo penye aibu yangu. Kila asubuhi kabla ya shule nilikuwa nikifuta meza ya kukatia kwa kipande cha sponji ileile. Nilikitumbukiza katika beseni, nikakikamua, nikakitumbukiza tena. Nilijua kwa vidole vyangu sponji hufanya nini ikikutana na maji. Lakini kusema kungemaanisha kung'oa sakafu upya, na mwezi mwingine bila kile kiti. Nikanyamaza.

Boti lilipoingia ziwani lilikuwa zuri mno. Viti vya reksini nyekundu, turubai la kivuli alilolishona baba kwa uzi maradufu, usukani uliong'arishwa. Wiki ya kwanza lilielea kama ganda. Wiki ya tatu lilikuwa limeshuka kiganja kizima, na hakuna aliyeona tundu. "Papa Zuhura, iyi boti iko muzito kuliko juzi," Papa Furaha akasema. "Iko nakula nini?" Baba akashikilia kwamba mashine ya boti ndiyo ndogo. Alikuwa na cherehani mbili. Akatoa moja, akapata mashine kubwa zaidi, nayo ikalididimiza boti nyuma. Akatafuta betri mpya, akaongeza sanduku la samaki. Kila alichoongeza kiliongeza uzito, na kadiri lilivyozidi kushuka ndivyo alivyozidi kuongeza. Wazee wa pwani walisema mwenda tezi na omo, marejeo ngamani, na ngama ni pale chini kabisa ya chombo panapokusanya maji. Sisi tulishughulika na omo na tezi, mbele na nyuma. Chini hatukutaka kuangalia.

Mama alikuja alasiri moja, amevaa kitenge chake kipya. Akapita moja kwa moja mpaka mbele, akakaa kwenye kiti changu. Nilinuna, Mungu anisamehe. Tulifunga majaketi ya kuokolea, tukaondoka, na kwa muda mfupi nikamwona ameachia tabasamu la upande mmoja. Kisha upepo ukaamka. Baba akapunguza mwendo kwa woga, mbele pakainama, na ziwa likaingia mle palipo wazi, taratibu, bila kelele, likajaa mapajani mwa mama. Wimbi la pili likamfika kifuani. Nilipiga mayowe mpaka sauti ikakauka. Papa Furaha na wenzake walikuwa wanatoka na mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wakipiga kasia kwa nyimbo. Wakakatisha wimbo, wakatufunga kamba, kisha wakauanzisha upya na kutuvuta nao hadi ufukweni.

Kesho yake, boti likiwa uani, mama alichukua mkasi wa baba wa kukatia nguo, akabandua kona ya sakafu, akavuta sponji na kuikamua. Maji yalitiririka mpaka mlangoni. "Iyi ni godoro ya Zuhura," akasema, akaiweka chini, akajitwisha vitenge vyake akaenda Goma kama siku yoyote.

Baba alitimiza sharti. Boti likapinduliwa nyuma ya nyumba, na kuku kweli wakalipata. Kilichoniuma si boti. Miguu yake ilitulia. Alikaa akinywa chai na miguu imetulia, na mimi nilijua nani angeweza kuzuia hilo.

Sasa ufuo umejaa hoteli, na maboti meupe ya wageni hupita yakirusha muziki. Mimi nina mshahara, nina watoto, na bado siwezi kumaliza kikao bila kusimama. Mwaka jana nilimwomba mama ruhusa ya kulifufua lile boti la kuku. Alisema sharti lilimfunga baba, si mimi, ila yeye hapandi. Niliwauliza mafundi watatu, na Papa Furaha juu yao, kisha nikajaza chini ya sakafu madumu matupu yaliyozibwa, na nikafunga mashine ndogo. Siku ya kuliingiza majini nilimleta baba. Mzee aligonga sakafu kwa kifundo cha kidole.

"Umeweka nini?"

"Madumu." Kisha lile neno likanitoka. "Baba, ile sponji ya zamani, mi nilijua. Nilikuwa nafutia nayo meza."

Aliendelea kutazama ziwa. "Na nani alikuwa anakukatia ile kipande, Zuhura? Mi nilikuwa nakaa pale, nakuangalia unakamua."

Miaka yote hiyo nilidhani ukimya ule ulikuwa wangu peke yangu. Sikujua nicheke au nilie, nikalia kidogo. Baba alishika usukani, akanionyesha kwa kidevu kiti cha mbele, cha kushoto. "Kaa kwako."

Nikakaa. Tulipoliacha gati, nyuma yangu, juu ya madumu, nikaisikia miguu yake imeanza kukanyaga.